Umuravumba na Mguu wa Mzee Sued

Wenzangu wa maabara, mmeniomba niwaandikie kuhusu miaka yangu ya kutafuta dawa ndani ya majani. Naona mlidhani nitaeleza jinsi nilivyoipata. Sikuipata. Ningeipata, nyinyi msingekuwa bado mnasaga majani, na mimi nisingekuwa nakaa Gatsata juu ya gereji, nikisikiliza mafundi wakigonga milango ya magari tangu asubuhi. Lakini yapo niliyoyaona, na yapo niliyoyafanya kwa mikono yangu mwenyewe. Mkiyajua huenda msiyarudie. Hiyo ndiyo faida pekee ninayoweza kuwaahidi.

Nilikulia Karagwe, upande wa Tanzania, katika familia ya Wanyarwanda waliokimbilia huko kabla sijazaliwa. Niliporudi Kigali na cheti changu cha ufundi wa maabara, Kiswahili changu kilikuwa kizuri, Kinyarwanda changu kiliwachekesha watoto wa jirani, na Kifaransa sikuwa nacho kabisa. Kwenye usaili waliniuliza kama naijua mimea ya dawa. Nikajibu naijua sana, bibi yangu alikuwa akitutibu nayo. Ni kweli alitutibu. Nilichokiacha ni kwamba mimi nilikuwa yule mjukuu aliyekimbilia migombani kila alipoona kikombe cha majani machungu kinatoka jikoni.

Siku yangu ya kwanza nilikabidhiwa kwa Madamu Veneranda, mkemia aliyeongoza kitengo chetu cha mimea. Mama huyu alikuwa mwembamba, na koti lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi hata ungedhani lingeweza kusimama lenyewe. Alikuwa amesoma kwa Kifaransa, na Kiswahili chake alikiokota Bukavu utotoni. Kwa kuwa Kinyarwanda changu kilimuumiza masikio, tukakubaliana tutumie Kiswahili chake.

Akanituma bustanini nyuma ya maabara nikalete umuravumba. Kila nyumba ya zamani nchini ilikuwa na kichaka hicho uani. Ni majani laini yenye manyoya, yananata kidogo vidoleni na kunukia kama kafuri. Watu huyatumia kwa kikohozi, kwa malaria, kwa vidonda, na mganga akikosa jina la ugonjwa, basi kwa huo pia. Nikaenda kwa kujiamini, nikarudi na fungu kubwa.

Madamu akachukua jani moja, akalinusa, akaniangalia.

"Hii iko maua ya fensi," akasema. "Bibi yako alikuwa anatibu fensi?"

Basi nikaanza kazi kwa kuosha vyombo vya kioo. Niliosha kwa muda mrefu, na msicheke, maana ndiko nilikojifunza kwamba majibu mengi ya ajabu ya maabara ni sabuni iliyobaki kwenye chupa.

Baadaye akaniruhusu kugusa majani. Kazi yenyewe mnaijua, lakini nyinyi mna mashine. Sisi tuliyakausha kivulini, tukayatwanga kwenye kinu, tukayaloweka kwenye spiriti, tukachuja, kisha tukaikausha ile spiriti hadi likabaki tope zito la kijani, kama grisi. Lile tope tuliliyeyusha tena kidogo, tukatia tone kwenye kipande cha karatasi cha mviringo, tukakiweka juu ya kisahani tulichopanda bakteria. Ukirudi kesho yake, unatazama. Kama bakteria wameota hadi ukingoni mwa karatasi, jani lako ni mboga. Kama kuna duara tupu kuzunguka karatasi, pale ambapo bakteria wameshindwa kuota, basi kuna kitu. Mke wangu akiulizwa nilikuwa nafanya kazi gani, husema: "Alikuwa anatazama maduara." Sijawahi kumsahihisha.

Ugunduzi wangu wa kwanza ulikuja mapema sana, na hiyo peke yake ingetosha kunitia shaka. Nilifungua kisahani asubuhi nikakuta maduara makubwa, safi, kila mahali. Jani la kwanza linaua, la pili linaua, la tatu linaua. Nilikwenda kwenye simu nikampigia mama yangu Karagwe, nikamwambia mwanawe amepata kitu kitakachowasaidia wagonjwa dunia nzima. Mama akalia kidogo. Kisha nikawaita wenzangu wa vitengo vingine waje waone, na wakaja, na wakanipa mkono.

Madamu Veneranda akaja wa mwisho. Akainua kisahani kwenye mwanga wa dirisha, akakizungusha polepole.

"Vizuri sana. Na karatasi yenye spiriti peke yake, bila jani, iko wapi?"

"Sikuiweka, Madamu."

"Weka."

Nikaiweka. Kesho yake ile karatasi isiyo na jani lolote ilikuwa na duara zuri kuliko yote. Sikuwa nimeziacha karatasi zikauke, na spiriti iliyobaki ndiyo iliyokuwa ikiua. Madamu hakupaza sauti. Alisema tu, mbele ya wale wale walionipa mkono, "Hongera. Umegundua spiriti." Kwa miaka mingi baada ya hapo kuna watu waliokuwa wakinisalimia "Bwana Spiriti" korido nzima. Jina hilo lilifika hadi Biryogo, ambako kuna Waislamu wengi na jina la namna hiyo si sifa nzuri kwa mtu.

Mkichukua jambo moja tu kwenye andiko hili, chukueni hilo: kila unachokiua, jiulize kwanza nani hasa amekiua.

Miaka ikaenda, na kazi ikabadilika bila sisi kuhama mezani. Mwanzoni tulitafuta dawa kwenye majani kwa sababu dawa za dukani zilikuwa adimu. Baadaye tulitafuta kwa sababu dawa zilikuwepo tele na hazikufanya kazi. Hospitali zilianza kutuletea usaha wa vidonda na mkojo wa wagonjwa ili tupime ni dawa gani inayofaa, na kwenye visahani nikaanza kuona kitu ambacho sikufundishwa chuoni. Tulikuwa tukipanga karatasi za dawa mbalimbali kama watoto kwenye mstari wa shule, na bakteria wanaota juu yake, kando yake, chini yake, kana kwamba tumewawekea viti. Ndio hao tunaowaita sugu. Mtu anameza vidonge viwili vya antibiotiki kwa mafua ambayo hayakuihitaji, mwingine anaacha dozi katikati kwa sababu amepata nafuu, na bakteria waliobaki wanafundishana.

Hapo ndipo Madamu alipoturudisha kwenye umuravumba kwa nguvu. Kwa msaada wa mashine tulizoanza kupata, tulifanikiwa kutenga kutoka kwenye lile tope kitu kimoja tu, unga mweupe wa chembe ndogo zinazong'aa. Tukaujaribu kwa bakteria sugu wa vidonda. Safari hii karatasi ya spiriti niliiweka, niliikausha, na nikaweka nyingine ya akiba. Duara lilikuwepo, na lilikuwa la jani.

Ningekuwa mtu mwenye akili, ningenyamaza. Badala yake nilikwenda Biryogo kwa Mzee Sued kutengeneza suruali, nikamsimulia.

Mzee Sued alikuwa fundi cherehani, mwenye kibanda kwenye kichochoro karibu na msikiti. Babu yake alikuja na wafanyabiashara wa pwani, na yeye mwenyewe alishona kanzu, sare za shule na suti. Ndiye aliyenishonea suti ya harusi, na mke wangu hushikilia hadi leo kwamba ile suti ndiyo iliyomdanganya. Nilimsimulia huku akinipima kiuno, pini zikiwa mdomoni mwake kwa hiyo hawezi kunikatiza. Nikamwambia tuna unga unaoua hata wadudu walioshinda dawa zote. Alitoa pini akasema, "Mashallah," kwa heshima ambayo sikuwahi kuiona kwake tangu jina lile la spiriti. Nilirudi nyumbani nikiwa mrefu zaidi.

Kipindi hicho hicho chupa ilinivunjikia maabarani, ikanichana mkono juu kidogo ya kifundo. Jeraha dogo tu. Lakini mimi nilikuwa nimeshaanza kujiona gazetini. Nikachukua unga wetu kidogo, nikauchanganya na mafuta ya mgando, nikapaka, nikafunga bandeji. Nilisubiri kupona kwa namna ya kihistoria. Mkono ukavimba kama andazi, ukawa mwekundu, ngozi ikababuka hadi mbali na lile jeraha.

Madamu alinifungua bandeji mwenyewe.

"Bakteria wamekufa?"

"Sijui, Madamu."

"Na ngozi?"

"Ngozi imekufa."

"Basi iko nusu ya dawa," akasema, akiendelea kunisafisha. "Kuua ni rahisi. Hata jiki iko inaua. Kuua mdudu na kuacha mtu, hiyo ndiyo kazi. Na ukijifanya panya tena nitakuweka kwenye kizimba."

Kovu lilibaki. Nilidhani hasara yangu imeishia hapo.

Kisha Mzee Sued akagongwa na pikipiki akivuka barabara. Mfupa wa mguu wa kulia ulivunjika chini ya goti, wakamfanyia upasuaji, wakamwekea chuma. Kidonda hakikufunga. Kiliendelea kutoa usaha, na harufu ikaja. Hospitali ikatuletea kitambaa chenye usaha wake tupime, nami nikapima bila kujua ni wa nani, maana kwetu kila mgonjwa ni namba. Bakteria wake waliota juu ya karibu kila dawa niliyopanga. Ni dawa moja tu iliyowatisha, ya kuchoma kwa mshipa, ambayo mara nyingi hospitali haina na lazima iagizwe kutoka ghala kuu. Niliwapelekea jibu hilo nikaendelea na kazi.

Siku chache baadaye mlinzi akaniambia nina wageni. Nikamkuta Mzee Sued kwenye benchi la nje, magongo mawili kando, mguu umefungwa, uso umekonda. Alikuwa ametoka hospitali kwa ruhusa ya kutwa, aende nyumbani kuongea na familia. Mkewe, Mama Zaina, alikuwa amesimama nyuma yake, ameshika chupa tupu ya jemu, imeoshwa ikang'aa.

"Muganga," Mzee Sued akaanza.

"Mzee, mimi si muganga."

"Leo uwe. Wamesema wataukata wiki hii. Wanaogopa ile kitu ipande juu. Mimi cherehani yangu ni ya kukanyaga, unaijua. Nitakanyaga na nini?"

"Na ile dawa yako," Mama Zaina akasema, akinyoosha ile chupa kwa mikono miwili, "kama iko kidogo tu, tutiliwe humu. Hatutamwambia mtu."

Siku hiyo Madamu Veneranda alikuwa safarini Huye. Ule unga ulikuwa kwenye friji, hatua chache kutoka pale, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Nilikuwa najua kwenye kisahani ungewaua bakteria wale wale. Nawaambia ukweli, sikuwahi kuogopa kitu maabarani, hata siku jungu la mvuke la kuua vijidudu kwenye vyombo liliporusha kifuniko, kama nilivyoiogopa ile chupa ya jemu.

Nikakunja mkono wa koti, nikamwonyesha kovu.

"Hii ndiyo kazi ya dawa yangu, Mzee. Nilijipaka mwenyewe. Hapa palikuwa na ngozi nzima, na jeraha dogo kama kucha. Nikiutia kwenye kidonda chako utaanza kula nyama kabla haujamfikia mdudu."

Akalitazama kovu kwa muda, kama fundi anavyotazama mshono wa mtu mwingine.

"Lakini uliniambia inaua."

"Inaua. Inaua sana. Hilo ndilo tatizo lake."

"Sasa miaka yote hii," akauliza, wala si kwa hasira, "mko mnafanya nini humo ndani?"

Nikasema, "Tunatafuta, Mzee."

"Na mimi nitafute mguu wa mti?"

Mama Zaina akaishusha ile chupa. Hapo ndipo kichwa changu, kilichokuwa kimejaa umuravumba, kikakumbuka kitu kisicho na umuravumba ndani yake. Nikamuuliza namba yake ya hospitali na wodi. Nikaenda kuangalia. Vile visahani visivyo na jina vilikuwa vyake.

"Mzee," nikamwambia niliporudi, "kuna dawa inayomuua mdudu wako. Si yangu, ni ya kiwandani. Wameshaambiwa. Tatizo haijafika. Twende."

Tulipanda teksi hadi hospitali. Nikamtafuta daktari wa wodi, kijana mpole mwenye macho ya kukosa usingizi, na nikaanza kumweleza. Mungu anisamehe, nilianzia kwenye jani. Nikamweleza umuravumba, nikamweleza lile tope, maduara, ngozi yangu, hadi yule kijana akasema, "Samahani, mzee, unataka nini hasa?"

Kabla sijapanga jibu, Mama Zaina akasema kwa Kinyarwanda kisha kwa Kiswahili, ili daktari asije akasingizia lugha: "Anataka usimkate. Anataka mngoje dawa."

Daktari akaeleza kwamba dawa wameiagiza, hajui itafika lini, na hofu yake ni sumu kuingia kwenye damu. Nikamuuliza kama wakikitoa kile chuma na kukikwangua kidonda chote kwanza, hawawezi kupata siku chache za kungoja. Sikuwa na haki ya kuuliza swali hilo. Mimi ni mtu wa visahani. Lakini aliniangalia, akamwangalia Mzee Sued, akaenda kuongea na mkubwa wake. Akarudi na jibu: watasafisha, watatoa chuma, watangoja hadi mwisho wa wiki. Homa ikipanda kabla ya hapo, watakata.

Wiki ile sikufanya kazi ya maana. Niliunguza uji wa kupandia bakteria mara mbili. Kila siku nilipiga simu ghala kuu hadi mama anayepokea akaanza kunitambua kwa pumzi. Homa ilipanda kidogo Jumatano, ikashuka. Alhamisi dawa ikafika.

Haikuwa muujiza. Alichomwa kwa wiki nyingi, figo zikamsumbua, alikonda hadi pete ikamtoka. Lakini harufu ikaondoka, nyama nyekundu ikaanza kujaa kutoka chini, na mfupa ukashika. Mguu ulibaki mgumu kwenye kifundo. Akajifunza kukanyaga cherehani kwa mguu wa kushoto, na mishono yake ya miezi ile ya kwanza ilikwenda kama mlevi. Alinishonea suruali wakati huo. Mguu mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwingine. Niliivaa bila kuikunja.

Swali lake la pale benchini halikuniacha. Madamu aliporudi nilimsimulia yote, nikitegemea kufokewa kwa kutoka kazini. Alikwenda kwenye friji, akautoa ule unga. Kisha akasema, "Kama ikiwa nyingi inaunguza, ikiwa kidogo sana inafanya nini?"

Tukaanza upya. Bakteria wengi sugu wana kitu kama pampu kwenye ngozi yao: dawa inaingia, wao wanaisukuma nje kabla haijawadhuru. Tukachukua unga wetu kwa kiasi kidogo ambacho hakiui chochote wala hakiunguzi, tukauchanganya na antibiotiki ya zamani iliyoshindwa. Tulifanya hivyo kwa muda mrefu, tukibadilisha vipimo, tukifuta, tukirudia. Asubuhi moja nilifungua kisahani. Karatasi ya spiriti, hakuna kitu. Karatasi ya unga peke yake, hakuna kitu. Karatasi ya antibiotiki peke yake, hakuna kitu. Ile yenye vyote viwili ilikuwa na duara dogo, lenye ukingo safi. Jani lilikuwa limeziba pampu, na ile dawa ya zamani, iliyodharauliwa, ikapata nafasi ya kufanya kazi yake.

Sikupiga kelele. Nilimwita Madamu. Akapima kwa rula, akapima tena, kisha akavuta kigoda akaketi, yeye ambaye sikuwahi kumwona ameketi maabarani.

"Sasa," akasema, "unaweza kumpigia mama yako."

Nikampigia. Nikamweleza kwa dakika kadhaa kuhusu pampu. Mama akaniuliza kama nimekula.

Hapo ndipo tulipofika. Duara dogo, kwenye kisahani. Kutoka kwenye kisahani hadi kwenye mguu wa mtu kuna safari ndefu, na mimi nimeshuka katikati ya njia. Madamu alishuka kabla yangu. Sasa ni zamu yenu, na kinu nimekiacha chini ya sinki.

Mwezi uliopita nilikwenda soko la Kicukiro kununua viazi. Kando ya wauza mboga palikuwa na kijana mwenye tai na kipaza sauti, ana meza ya chupa za maji ya kijani. "Umuravumba asilia! Unaua bakteria wote, hata walioshinda hospitali! Imethibitishwa maabarani!" Mbele yake alisimama mama kijana, mtoto mgongoni na mfuko wa viazi mkononi. Mguu mdogo wa mtoto ulikuwa umefungwa kitambaa, na pua yangu, ambayo imestaafu lakini haijazeeka, iliijua ile harufu.

Nikamwambia yule kijana kwamba haikuthibitishwa hivyo.

"Wewe ni nani, mzee?"

"Mimi ni mmoja wa walioipima."

"Oya, hapana," akasema kwa huruma, akiwaangalia wateja. "Aliyepima ni profesa. Yuko Ulaya."

Mama akanitazama: kandambili, mfuko wa viazi, mzee anayebishana sokoni. Akamtazama mwenye tai. Ningekuwa yeye, nami ningemwamini mwenye tai. Akanunua chupa.

Nikamfuata. "Mwanangu," nikamwambia, "chupa ni yako, sikunyang'anyi. Lakini usiipake kwanza. Twende kituo cha afya wamtazame, kiko hapo tu. Nitakubebea mfuko." Alisita. Nadhani kilichomshawishi ni mfuko, ulikuwa mzito. Tukaenda, mimi na viazi vyangu na viazi vyake, mtoto akinitazama kutoka mgongoni kwa mashaka makubwa.

Muuguzi alifungua kile kitambaa, akakunja uso, akaita mwenzake, akachukua usaha kwa pamba ili ukapimwe. Akamwambia mama amewahi, na chupa ile asiiguse. Kisha akanigeukia.

"Na wewe, mzee, ni babu wa mtoto?"

Nilikuwa na jibu refu. Lilianzia kwenye jani, likapita kwenye pampu, likaishia kwenye kisahani. Nilivuta pumzi nilianze. Mtoto akalia.

"Ndiyo," nikasema, nikamshika ule mguu mwingine, usio na kidonda.